Jaipuri ya Kota za Reli

Enzi zetu hatukuhitaji viza wala ndege kwenda India. Tulihitaji jani moja la mwarobaini, ambalo ndilo lilikuwa tiketi, na miguu iliyooshwa, kwa sababu huko mbele tungevua kandambili. Safari ilianza Jumapili saa tisa alasiri kwenye kibaraza cha nyumba yetu, katika kota za reli pale Tabora, na kiongozi wa msafara alikuwa baba yangu, Mzee Ramadhani, fundi wa injini za treni. Tulikwenda Jaipuri, tukatembea mji mzima, na tukarudi kabla ya magharibi tukiwa bado na muda wa kuteka maji.

Wenzangu mliocheza rede mpaka mkaitwa kwa fimbo, mliovaa raba mtoni na kula unga wa njano bila kuuliza umetoka wapi, mtanielewa. Televisheni tulikuwa tunaisikia tu. Redio ilikuwa ya baba, na betri zake zikichoka zilianikwa juani pamoja na mihogo. Kwa hiyo mzazi mwenye hadithi alikuwa mali ya mtaa mzima, na baba yetu hadithi alikuwa nayo. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, reli ilimpeleka India miezi sita kujifunza kazi kwenye karakana, na mji aliokaa ulikuwa Jaipuri. Mama alipoulizwa habari hizo alisema, "Mimi nilimkuta nayo hiyo Jaipuri, kama unavyomkuta mtu na kikohozi chake."

Kituo cha kwanza kilikuwa ukuta wa nyumba yetu, uliokandikwa udongo mwekundu kwa chini. Baba alisimama pale, mikono nyuma, akatueleza kwamba Jaipuri yote ina rangi ya waridi, kwa sababu zamani mfalme wao aliamuru mji mzima upakwe rangi kumpokea mgeni mmoja.

"Mgeni mmoja," mama alidakia kutoka jikoni. "Na mimi naomba chokaa ya chumba kimoja, mwaka wa tatu huu."

Baba alijifanya hakusikia, tukasonga mbele kwenye saa ya jua. Kule, alisema, kuna saa ya mawe ndefu kuliko mnara wa msikiti wetu, na kivuli chake hakikosei. Yetu ilikuwa kipande cha reli alichokisimika karibu na bomba. Tulisoma saa kwa kupima kivuli kwa nyayo, na majibu yasipolingana na saa yake ya mkononi, baba alisema kivuli kimechelewa kazini. Kisha ilikuja ngome ya juu ya kilima, ambako watu hupanda kwa tembo. Kilima chetu kilikuwa lundo la majivu ya makaa ya mawe, na tembo alikuwa baba mwenyewe. Mdogo wangu Hamisi alipanda mgongoni, sisi wengine tukasukuma kwa nyuma. Tembo yule alikuwa na maumivu ya kiuno, akasimama mara mbili njiani kuomba maji.

Siku moja alitueleza kwamba kule maziwa mgando hunywewa kwa vikombe vya udongo, na ukimaliza unakivunja kikombe palepale, ndiyo desturi yao. Hamisi alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mwalimu. Jioni alikunywa uji, akainuka, akaipiga chini glasi ya mama ya harusi. Mama aliangalia vipande, akamwangalia Hamisi, kisha akamwangalia baba kwa muda mrefu zaidi. "Mkimaliza hiyo India yenu," alisema, "mtanikuta hapahapa Tabora." Tulimkuta kweli, na fimbo ya mpera. Baba peke yake ndiye aliyesamehewa, kwa sababu ya kiuno.

Halafu kulikuwa na mambo ya kachori. Kwetu sote kachori ni kidonge cha viazi, hakuna asiyejua. Baba alishikilia kwamba Jaipuri kachori ni ya unga, bapa kama kiganja cha mtoto, na ndani yake kuna vitunguu vyenye pilipili. Mtaa ulicheka. Mama alisema mtu aliyekaa ugenini miezi sita bila kujua kachori ni nini alikuwa anaumwa, si anasoma.

Lakini kituo kikuu, ambacho kila Jumapili tulikifikia tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, kilikuwa Ikulu ya Upepo. Huko India ni jumba lenye madirisha mia tisa hamsini na matatu, yaliyojengwa ili wake wa mfalme wachungulie barabarani bila kuonekana. Letu lilikuwa stoo ya zamani ya reli, ambayo ukuta wake wa mbele ulikuwa wa matofali ya matundu. Stoo ile ilikuwa na mlango mpana upande wa barabara, haukuwa na ubao wala kufuli, na mbuzi wa mtaa mzima walipita hapo. Baba alitukataza katakata kuutumia. Alituzungusha nyuma, kwenye michongoma na upupu, tukapenya kwenye pengo la ukuta mmoja mmoja, huku tumevua kandambili.

"Baba, mlango si ule pale wazi?" nilimuuliza kila wiki nikijikuna.

"Ule ni wa mbuzi," alijibu kila wiki. "Ikulu ya Upepo haiingiliwi mbele."

Tukiwa ndani tulichungulia kupitia matundu, wake wa mfalme saba na Hamisi, tukiwaona watu wanaotoka stesheni na wao hawatuoni. Sijawahi kukaa mahali pa fahari kama pale, na palinuka mavi ya mbuzi.

Shaka ililetwa na Mwajuma wa nyumba ya tatu, binti wa karani wa stesheni, aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko umri wake. Alisema baba yake anasema baba yangu hajafika India, amefika Dodoma. Kama alifika, picha ziko wapi? Hapo palikuwa na tatizo. Baba alidai picha zake zote zilikuwa kwenye sanduku lililoibiwa ndani ya treni alipokuwa anarudi nyumbani. Fundi wa reli kuibiwa ndani ya treni! Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Tena sebuleni kwetu kulikuwa na kalenda ya duka la mjini yenye picha ya Ikulu ya Upepo, upande wa barabara, madirisha yote yanaonekana. "Baba yenu anasoma kalenda," Mwajuma alisema. Nilimpiga, akanipiga, tukaenda wote darasani na vumbi. Lakini neno lake lilinibaki.

Nilipofika kidato cha pili, nikiwa shule ya bweni na akili nyingi za kuazima, nilikuwa nimeshaamua kwamba Mwajuma alisema kweli. Nilirudi likizo, ikawa sikukuu ya Idi, na Mjomba, kaka yake mama, akaja na familia yake kutoka Dar es Salaam. Baada ya chai baba alichuma majani ya mwarobaini, akawagawia wageni, akakohoa kidogo kama kawaida yake ya kuanza msafara. Mimi nikiwa nimesimama mlangoni nikasema, "Baba, hiyo Jaipuri ni ya kwenye kalenda. Wewe hujafika."

Mjomba aliangua kicheko. Baba alinitazama, akatabasamu, akaliweka jani lake mfukoni. "Basi wageni wetu wale pilau kwanza," alisema. Pilau ikaliwa, na msafara haukwenda. Haukwenda Jumapili iliyofuata, wala nyingine yoyote. Mama, ambaye glasi moja ilitosha kumfanya atuchape, siku ile hakunigusa, na hilo liliniuma zaidi. Sikuomba msamaha. Nilijiambia kwamba huwezi kumwomba mtu msamaha kwa kusema ukweli. Miaka ikapita, nikasoma, nikaolewa, nikavuka bahari kubwa kuliko ile ya kwenda India, na kila nilipompigia simu tuliongea habari za presha na bei ya mchele.

Sasa nipo Euless, hapa Texas, nyumba za kupanga karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zikipita mnanyamaza kidogo kisha mnaendelea na ugomvi wenu. Nafanya kazi ofisi ya mizigo. Nina watoto wawili, Rehema wa miaka kumi na miwili na Idi wa miaka tisa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, na ukiwatuma dukani wanauliza kama wanaweza ku-order. Nyumba ya chini yetu anakaa mama mmoja wa Kihindi pamoja na mwanawe. Sote humwita Aunty Sushila. Mwaka 2018, mwezi wa Ramadhani, nilimpelekea sahani ya vitumbua, na yeye, kumbe kwao ni kama kwetu, sahani hairudi tupu. Jioni ya pili ilirudi imefunikwa kitambaa. Ilikuwa imefika saa ya kufuturu, nikafunua.

Zilikuwa za unga, bapa kama kiganja cha mtoto. Niliivunja moja. Ndani kulikuwa na vitunguu na pilipili.

Nilishuka ngazi na kipande mkononi, bila hata kuvaa viatu. Nilimuuliza hivi vinaitwaje, akasema kachori. Nikamuuliza kwao ni wapi, akasema Jaipuri. Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Nilitaka kuuliza swali moja na niliogopa jibu, maana kama mlango upo mbele, basi miaka yote nilikuwa na haki, na kama haupo, sikuwa nayo hata siku moja.

"Aunty," nilisema, "ile Ikulu ya Upepo, mtu anaingilia wapi?"

Akacheka mpaka bangili zikalia. Alisema wageni wote wanasimama barabarani kupiga picha, halafu wanaanza kutafuta mlango, wanapapasa ukuta kama vipofu. "Upande ule hakuna mlango, beti," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha yao. "Sharti uzunguke nyuma."

Hakuna kalenda inayoonyesha nyuma.

Nilipanda ngazi nikilia, nikaendelea kula. Rehema akanitazama. "Mom, are you okay?" Nikamwambia ni pilipili, na haikuwa uongo wote.

Jumamosi asubuhi, ambayo Tabora ni jioni, nilipiga simu ya video. Hamisi, ambaye siku hizi ndiye anayekaa na wazee na havunji tena vyombo, alimshikia baba simu. Sura yake ilijaa kioo chote, pua kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Zuhura. Wajukuu wazima?"

"Wazima. Baba, Ikulu ya Upepo ina mlango wa mbele?"

"Hauna," alisema. "Si nilikuwa nawaambia?"

"Ulifika."

"Nilifika, mwanangu."

"Sasa siku ile ya Idi mbona hukusema? Ungemwambia Mjomba habari ya mlango, ungemwambia akaulize mtu. Ungenishinda palepale."

"Ningekushinda," alisema taratibu. "Halafu? Wageni wangerudi Dar es Salaam na habari ya binti yangu aliyeumbuka. Bora waondoke na habari ya mzee mwongo. Mimi nilikuwa nimeshaoa, haikunipunguzia kitu."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama, bado ina makali yake. "Mwambie mimi chokaa sijapata mpaka leo."

"Nisamehe, baba," nilisema.

"Nilishakusamehe kabla pilau haijapoa. Hao wajukuu wana tiketi?"

Hapo ndipo watoto wangu walipotolewa kwenye makochi yao. Mwarobaini hatuna, tukachuma majani ya ule mti wa maua ya pinki unaopandwa kila mahali Texas, na tukatoka, simu nimeinyoosha mbele kama taa, baba akiwa ndani yake anatoa maelezo. Bwawa la kuogelea likawa jumba la kifalme lililo katikati ya maji. Nguzo ya bendera ikawa saa ya jua, Idi akapima kivuli kwa nyayo, akapata saa saba mchana wakati ilikuwa saa tano asubuhi. Baba akasema kivuli cha Amerika kina haraka. Rehema, ambaye hawezi kuambiwa kitu bila kukihakikisha, alishaitafuta Ikulu ya Upepo kwenye simu yake na kupata picha maelfu kwa kufumba na kufumbua. Nilizitazama. Zote zilipigwa mbele.

Enzi zetu tulikuwa na picha moja ya kalenda na mtu mmoja wa kutuzungusha nyuma. Watoto hawa wana picha za dunia nzima, hawajawashwa na upupu hata mmoja, na siwalaumu, maana mimi niliyewashwa nilihitaji miaka yote hii kuelewa. Ninachowaonea huruma ni kwamba babu yao wanampata kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, tena mpaka chaji iwepo.

Tulifika kwenye ofisi ya wapangaji, ambayo ukuta wake ni madirisha matupu. Baba akatangaza kwamba hii ndiyo Ikulu ya Upepo, tuvue viatu. Idi alivua, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo, ukafunguka wenyewe.

"Babu," alisema, akiunyooshea kidole, "the door is right here."

"Huo ni wa mbuzi," baba akasema. "Zungukeni."

Tukazunguka.