Andika Chungu

Kliniki yetu ya sukari ilikuwa na kanuni: mwenye friji nyumbani anapewa chupa tatu za insulini, asiye na friji anapewa chupa moja, ikiisha arudi. Yangu ilikuwa inaisha wiki ya tatu. Kutoka kwetu Mnyambe kwenda mjini na kurudi ni siku nzima ya kuacha shamba, na korosho zikishaanza kudondoka hazimsubiri mgonjwa. Msimu uliopita niliruka safari moja, nikaanguka chini ya mkorosho, mdomo umekauka, nisiweze hata kumwita mume wangu. Sikuwa tayari kufa kwa kukosa friji.

Nyumba yetu haina umeme. Nilichukua vyungu viwili, kidogo nikakitia ndani ya kikubwa, katikati nikajaza mchanga, nikaulowesha, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Asubuhi kikombe kimoja cha maji, jioni kingine; maji yakikauka mchangani, chungu cha ndani kinapoa, na humo ndimo dawa inakaa. Sisi wa huku juu hatuna maji ya kuchezea. Tunakinga ya mvua, na yakiisha tunayafuata bondeni. Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, alisema ukoo mzima utachekwa kwa kunywesha mchanga. Nilimwambia achekwe yeye, mimi nataka kuishi.

Kliniki hawakutaka kusikia habari za chungu. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu nilijua hizo friji zinavyotutenda. Mwenzangu mmoja wa foleni alisema anayo, kumbe ni ya dukani kwa jirani. Dawa zake zililazwa pamoja na barafu za watoto, zikaganda, na insulini ikishaganda haifai tena. Akajidunga hivyo hivyo mpaka akalazwa. Kwenye fomu yake kila kitu kilikuwa sawa.

Basi siku yangu ilipofika nilipanda bodaboda nimepakata chungu. Daktari, kijana wa umri wa kitindamimba wangu, aliniamkia, akauliza nimemletea mboga gani. Nikamwomba kipimajoto cha friji yao ya dawa. Tukakitumbukiza ndani ya chungu, tukafunika, nami nikakaa kwenye benchi bila kubanduka. Saa saba, jua limewaka, akakitoa na kukisoma. Akakisoma tena. Akamwita muuguzi naye asome. Halafu akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, nitaandika una friji. Upate zako tatu, yaishe."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilizihitaji zile chupa kuliko alivyojua, na kalamu yake ilishagusa karatasi. Lakini nje ya mlango ule kulikuwa na benchi zima la watu wasio na friji, na uongo wangu usingemsaidia hata mmoja.

"Sina friji," nikamwambia. "Andika chungu."

Akasema fomu haina mahali pa chungu. Nikamwambia pembeni pana nafasi, na kwamba siondoki mpaka aandike. Akaandika, kwa mwandiko mdogo, akatia saini yake.

Nilipotoka na chungu changu na chupa tatu, mama aliyefuata kwenye foleni aliitwa lakini hakuingia. Alinishika mkono kwanza, akaniuliza mchanga niliuchota wapi.