Tulivyosimama Benki

Jumatatu, tukiwa tumeketi kungoja zamu katika benki moja ya Thika, mama mwenye mkongojo aliingia. "Hamjambo?" akasalimia, kwa sauti ya kufika dawati la nyuma.

Meneja akasimama wima. "Hatujambo, mwalimu!" Kumbe mama huyo alimfundisha Kiswahili kule Ruiru. Ukumbi mzima tukainuka pia, watu wazima na vitambi vyetu, ingawa wengi wetu hatukumjua.

"Aki mwalimu, si ulistaafu?" meneja akauliza.

"Ni mshahara uliostaafu. Watoto wa jirani bado wanakuja sebuleni kwangu kila Jumamosi."

Akaenda kaunta, akahudumiwa. Hakuna aliyethubutu kuketi. Mlangoni ndipo alipogeuka, akatuona.

"Ketini."

"Asante, mwalimu!"

Serikali humstaafisha mwalimu. Wanafunzi je, nani atatustaafisha?