Nyumba Tuliyoiruka kwenye Ratiba

Habari ya kifo chake ilinikuta Same, nilikoshuka kwa shughuli za siku mbili. Niliisoma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya sala kule Ugweno, na kabla sijafika mwisho rambirambi zilikuwa zimeanza kupangana. Ya kwanza, na ndefu kuliko zote, ilitoka kwa mama jirani yake, ambaye hakuwa amekanyaga ua wa marehemu kwa miaka minne. Aliandika kwamba tumepoteza dada, rafiki na mwombaji. Wenzetu wakajibu Amina, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilizima simu.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sina mazoea ya kuwapamba marehemu. Marehemu huyu hakuwa malaika. Alikuwa mjane mwenye migomba na kahawa kwenye kipande cha mlima huko Kighare, mkali kwa kuku wa watu, na kanisani aliimba akiwatangulia wenzake nusu ubeti. Lakini mwizi wa maji hakuwa. Kiangazi kimoja, mfereji ulipopungua maji, tulikuwa kwenye sala ya Jumatano nyumbani kwa jirani huyo. Zamu ya mwenyeji ya kuomba ilipofika, akafumba macho akasema, "Bwana, waguse hata walio humu ndani, wanaofungulia maji siku isiyo yao." Shamba lililokuwa bichi juma lile lilikuwa moja tu, na kila mmoja alijua la nani. Tukaitikia Amina, nami nikiwamo. Ndivyo tunavyoshtakiana sisi waumini: mshtaki anafumba macho, na mshtakiwa hawezi kujibu bila kukatiza sala. Siku chache baadaye wasimamizi wa mfereji wakakuta fuko wametoboa ukingo juu ya shamba lake, maji yanavujia kwake. Habari ikaenea kijiji kizima. Hakuna aliyeipeleka kwenye sala.

Mjane alifuata njia aliyoelekeza Bwana: ndugu yako akikukosea, mwendee mkiwa wawili tu. Akaenda. Akaambiwa, "Dada, mimi sina neno na wewe." Akarudi mara ya pili na mashahidi wawili, mwinjilisti na mimi, katibu wa jumuiya. Mwenyeji alitupokea kwa kicheko. "Hata katibu kapandishwa mlima kwa jambo hili? Basi kunywa chai, usije ukasema umefika kwangu bure." Tukanywa. Akarudia kwamba hana neno na mtu, mwinjilisti akaomba sala ya shukrani, tukatoka tukijiona wapatanishi. Njiani mama akaniuliza, "Katibu, mtu asiye na neno na mimi, mbona haitikii salamu yangu?" Nikamwambia mambo mengine tumwachie Mungu. "Mungu ametuachia sisi," akasema. "Ndiyo maana akatuonyesha hatua tatu."

Hatua ya tatu ni kuliambia kanisa. Aliliambia. Wazee waliahidi kukaa, lakini hawakukaa. Wakati huohuo, kila sala ilipoangukia nyumbani kwa mjane, jirani yule na ndugu zake, ambao ni karibu nusu ya jumuiya, walikuwa na mgonjwa wa kuuguza. Viongozi wakaniagiza niiruke nyumba ile kwenye ratiba kwa muda, ili tuwe na amani. Niliiruka kwa mkono wangu. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Sisi tulilifunika na mama wa watu akiwa ndani. Kila mwanzo wa mwaka nilipobandika ratiba mpya alikuja kuisoma, nami nikimwamkia shikamoo, aliitika marahaba kisha akauliza, "Mwaka huu nimo?" Nilimjibu kwamba tutaangalia. Mara ya mwisho aliongeza neno. "Sitaki anipigie magoti," aliniambia. "Nataka aingie kwangu, aseme mbele ya walewale kwamba yale maji sikuyaiba."

Siku ya mazishi jumuiya yote ilijaa nyumbani mwake. Jirani alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akalia kuwazidi mabinti wa marehemu. Mimi nilipewa kusoma salamu za jumuiya, zilizosema kwamba marehemu aliishi na watu wote kwa amani. Nilizisoma mpaka mwisho. Watu walipoanza kutawanyika, jirani akanivuta pembeni akataka sala ya Jumatano ifanyike hapo, tuwafariji watoto. Nikamuuliza kama siku hiyo angependa kusema lolote kuhusu yale maji. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Katibu, hayo si ya zamani? Mimi nilishamsamehe."

Nimelitafakari jibu lile tangu siku hiyo, na sioni kwamba alikuwa akinidanganya. Tulimlea hivyo sisi wenyewe, kwa chai, kwa Amina na kwa ratiba. Tumefanya upatanisho kuwa kazi ya kupanga watu wasikutane, na mwenye kudai haki yake tukamwona ndiye mvuruga amani. Anayekuja mlangoni kwako kusema umemkosea, usimwambie huna neno naye. Neno analo yeye, msikilize. Nawe uliyeitwa kuwa shahidi, shuhudia. Mama yule hakuiba maji. Nimelisema sasa gazetini, bila kumtaja jina, kwa watu wasiomjua. Pale lilipohitaji kusemwa palikuwa na watu wasiozidi ishirini, na yeye angesikia.