Maji ya Makumbi na Maji ya Korona

Mama yangu alikuwa akinuka makumbi, na mpaka leo, uzee huu nilio nao, mtu akinitajia harufu ile huku amekunja pua namkata jicho. Makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Wanawake wa kijiji chetu, huku chini ya Pongwe ambako mto unaingia kwenye hori, ule mkono wa bahari wenye mikoko, waliyafukia matopeni, wakayawekea mawe juu, wakayaacha maji ya bahari yaje na kuondoka kwa miezi sita au saba. Yakishaiva hufukuliwa, hupigwa kwa magongo, na usumba unaobaki husokotwa kamba. Kazi hiyo ndiyo iliyonivisha sare ya shule baada ya baba kufariki. Inanuka, sikatai. Lakini tulizaliwa tukaikuta, na hakuna aliyewahi kuugua kwa ajili yake.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Kiangazi kile mto ulianza kubadilika. Kwanza maji yaligeuka rangi ya majani yaliyopondwa, kisha yakatoa povu, kisha perege wadogo wakaanza kuelea matumbo juu. Watoto waliooga walirudi wanajikuna. Nguo tulizofua zilikauka na uvundo, ukivaa unatamani kuivua kabla hujafika mlangoni.

Jumbe wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, akifuata pua yake. Aliposikia mto unanuka, akakumbuka kinachonuka kijijini, akasema ni makumbi: bahari ikijaa inapanda mtoni, nayo inabeba uozo wa makumbi mpaka pale tunapooga. Maneno yake yalikuwa na sura ya ukweli, kwa kuwa bahari kweli hupanda mtoni. Juu zaidi ya mto kulikuwa na shamba la mkonge lenye korona, ile mashine ya kukwangua majani yabaki nyuzi, nayo ilikuwa imewekwa upya mwaka uleule. Lakini korona ilikuwa ya wazungu na makumbi yalikuwa ya wajane. Msomaji ana akili zake, sina haja ya kuendelea.

Amri ikatoka kwamba kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata makumbi yote yawe yamefukuliwa. Ya mama yalikuwa na miezi minne tu. Kumbi bichi halipigiki, usumba hautoki, na hata kuni halifai kwa kulowa. Amri ile ilikuwa inamwambia mama atupe riziki ya mwaka mzima, tena akubali mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyewawasha watoto wa wenzake. Hakulia wala hakugomba. Alikaa barazani akaendelea kusokota, na mimi ndiye niliyegomba kwa niaba yake, peke yangu, jikoni, na masufuria.

Binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka shule ya wavulana mjini. Huko walifundishwa sayansi. Sisi wasichana tulifundishwa kushona na kumwogesha mtoto. Wavulana walipewa sayansi, sisi tukaachiwa sabuni. Kwa hiyo kila likizo nililisoma daftari lake zaidi kuliko alivyolisoma mwenyewe. Safari hii mwalimu wake alikuwa amempa kijitabu cha karatasi za litmasi, karatasi nyembamba za buluu ambazo ukizichovya kwenye maji yenye tindikali, kitu kikali kama ndimu, zinageuka nyekundu. Niliposoma kwamba majimaji ya mimea mingi yana ukali huo, nilisimama nikaiangalia njia ya kwenda korona.

Wa tatu wetu alikuwa kijana wa kambini, mtoto wa Mkristo mmoja aliyeshuka kutoka milimani kuja kukata mkonge. Alijua mtaro wa korona unamwagia wapi, na alikuja nasi ingawa baba yake alimkanya asionekane huko. Tulizunguka siku nzima tukiteka maji: juu ya mtaro, kwenye mtaro wenyewe, pale pa kuogea, kwenye chemchemi ya kunywa, na kwenye makumbi ya mama. Chupa tano tulipewa na shangazi. Tulizisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka zikang'aa, tukaziziba, tukazilaza kikapuni, nikajitwika.

Tukaenda barazani kwa Jumbe baada ya sala ya alasiri, watu wamejaa. Binamu yangu alieleza kama mwalimu, kifua mbele. Nikachovya karatasi ya kwanza, maji ya mtaro wa korona: nyekundu. Watu wakanong'ona. Nikachovya ya pili, maji ya makumbi: nyekundu. Ya juu ya mtaro, nyekundu. Ya kuogea, nyekundu. Hata ya chemchemi, ambayo kijiji kizima kilikunywa tangu enzi za mababu, nyekundu. Jumbe akauliza kwa upole kama na maji aliyotawadhia sasa hivi yana sumu. Baraza zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze, na kama isingeweza kunimeza mimi, basi immeze binamu yangu.

Kesho yake asubuhi wanawake wawili walianza kufukua makumbi yao. Niliwaona wakiyarundika ufukweni, mazito, ya rangi ya udongo, hayafai kitu. Hilo linaniuma mpaka sasa, maana walikuwa wamengoja baraza letu kabla ya kuamua. Mmoja wao alipita kwetu akamuuliza mama atafukua lini, amsaidie. Nilikuwa ndani, nimejificha nyuma ya pazia la mlango.

Mama akamjibu, "Siyafukui. Mwanangu hajamaliza kupima."

Nilikuwa nimemaliza, kwa kadiri nilivyojua. Nilikuwa nimemaliza na kuaibika, na binamu yangu alikwisha kusema karatasi zilizobaki atazichoma moto. Lakini mama hakuwa ameniuliza. Alikuwa amesema tu, kwa sauti ileile anayotumia kusema wali haujaiva. Nilikasirika. Mtu akikuamini kiasi hicho anakunyima nafasi ya kukata tamaa.

Nikaenda uani kumwaga yale maji, nirudishe chupa za watu. Niliposhika chupa ya kwanza nikaizibua, harufu ikanijia puani ambayo haikuwa ya mto. Chupa zetu siku zile zilizibwa kwa magunzi ya mahindi. Kila nyumba ilikuwa na magunzi yake, na gunzi likizoea chupa halitupwi. Nikalinusa lile gunzi. Shangazi yangu alisifika pwani nzima kwa achari, na chupa zile alikuwa akiwekea siki ya tembo la mnazi. Tulikuwa tumeosha chupa kama watu wenye akili, kisha tukaziziba kwa magunzi yaliyonywa siki miaka na miaka, tukayalaza maji kikapuni yakanyonya njia nzima. Nikateka kikombe cha maji ya chemchemi, nikachovya karatasi: ikabaki buluu. Nikatumbukiza kipande cha gunzi, nikakoroga, nikachovya tena. Nyekundu. Mbele ya Jumbe na wazee wote tulikuwa tumepima achari ya shangazi.

Nilicheka mpaka mama akaja kunitazama.

Binamu yangu hakutaka kusikia habari ya kurudi kwa Jumbe. Nikaenda mwenyewe, jambo ambalo msichana hakulifanya bila mtu mzima wa kumsemea, nikamweleza kosa letu lilivyokuwa, gunzi mkononi. Akalinusa. Akaniuliza kwa nini nimekuja kumwonyesha kosa langu mwenyewe badala ya kunyamaza. Nikamjibu kwamba kosa nimelijua chanzo chake, na chanzo cha ubaya wa mto yeye hajakijua bado. Maneno yale yalikuwa makubwa kuliko kinywa changu, na niliogopa mara tu yaliponitoka. Akanirudishia gunzi, akasema atakuja Alhamisi, maji ya bahari yakitoka.

Alhamisi tulikwenda bila chupa hata moja. Tulianzia horini, kwenye makumbi ya mama, naye amesimama kando yake na miguu matopeni. Niliondoa jiwe, maji meusi yakajaa shimoni na harufu yake kamili. Nikampa Jumbe karatasi nikamwomba achovye mwenyewe. Buluu. Akaomba nyingine, akaenda kwenye makumbi ya mwanamke mwingine aliyekuwa hajafukua. Buluu. Chemchemini, buluu. Pale pa kuogea karatasi iliona haya, wekundu kidogo kingoni. Tukapanda mpaka kwenye mtaro wa korona, pale maji ya kijani yanapoanguka mtoni yakifoka povu. Jumbe akainama, mkono wake wa kanzu ukalowa, na karatasi ikatoka nyekundu kama mate ya mtafuna tambuu. Hatua chache juu ya mtaro akachovya tena: buluu.

Kijana wa kambini alikuwa na makopo mawili, perege watatu kila kopo, moja la maji ya juu na moja la mtaro. Hatukuwa tumemaliza kuzungumza wale wa mtaro walikuwa wamelala ubavu. Karani wa shamba akaja kuuliza kuna nini. Jumbe akamwonyesha makopo.

Yaliyofuata baadaye niyaseme hapa, nisije nikayasahau. Jumbe alizifunga karatasi zile kwenye leso akazipeleka kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, tena zaidi ya mara moja. Mwishowe shamba lilichimba mashimo matatu ya kutulizia maji ya korona, yasifike mtoni moja kwa moja. Masika makubwa mashimo yalifurika, nasi tukarudi na karatasi zetu, na safari hiyo binamu yangu alitangulia mbele utadhani hajawahi kutishia kuzichoma. Mto haukurudi kuwa kama wa zamani kwa siku moja, lakini perege walirudi. Wale wanawake wawili waliowahi kufukua, mama aliwagawia usumba makumbi yake yalipoiva, na hakuna aliyemwomba.

Siku ile ya Alhamisi tulirudi horini maji yakianza kujaa. Mama alikuwa palepale tulipomwacha. Watu walikuwa wengi zaidi sasa, kwa kuwa habari ilikwisha kututangulia. Jumbe akamwendea mama, akasafisha koo, akamwambia makumbi yake yabaki.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umwambie aliyepima, Jumbe."

Mimi nilimtazama mama nikidhani amerukwa na akili, maana hakuna aliyewahi kumwelekeza Jumbe amsemeshe nani. Mzee yule akageuka. Alikuwa na mvi, mkono wa kanzu yake una madoa ya kijani, na alinitazama usoni kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Makumbi ya mama yako yabaki, binti," akasema. "Nilikosea mimi."

Nilitakiwa kujibu kitu. Nilikuwa nimemwamkia tangu asubuhi, lakini neno jingine sikuliona popote, nikamwambia shikamoo mara ya pili, watu wote wanasikia, machozi yananitiririka. Naye hakucheka. Aliitika marahaba, polepole, akangoja nimalize kulia ndipo akaondoka.