Kilima cha Mama Waya

Walimwita Mama Waya, naye hakukasirika, kwa kuwa jina la kwenye shahada yake ya udaktari hakuna aliyelikumbuka. Kazi yake ilikuwa kubuni vifaa vya mashine moja tu: sumaku kubwa kama tangi la maji, iliyokaa peke yake katika chumba cha chini cha maabara. Unatia dawa kwenye kijibomba cha kioo, unakishusha katikati ya sumaku, unaipigia dawa mawimbi ya redio. Viini vya atomi vinajibu, na majibu yanachorwa kwenye skrini kama vilele. Ukivisoma, unajua dawa ina nini ndani.

Alikwisha kubuni kofia ya kukizungusha kijibomba kwa upepo, na kishikio ambacho hakuna aliyekiomba. Vyote vililala kabatini. Uvumbuzi wa tatu ulikuwa koili, waya mwembamba kama unywele unaokizunguka kijibomba na kusikiliza majibu. Aliisuka mwenyewe kwa vidole. Koili ya kiwandani, iliyokuja na mashine, ilikuwa nzito ya masikio. Yake ilisikia hata visivyoulizwa.

Walipoijaribu kwa dawa ya kikohozi, kando ya vilele vya kawaida pakatokea kilima kipana. Mkuu wa maabara, mtu mwepesi wa kufurahi, akatangaza kwamba dawa ina uchafu, akawaalika wakaguzi waje Alhamisi. Wakiridhika, koili ingebaki kwenye mashine. Wasiporidhika, kabati bado lilikuwa na nafasi.

Jumatano mchana, wenzake wakila, Mama Waya alishusha kijibomba kitupu. Kilima kikatokea vilevile. Akakitazama. Kisha akaitazama mikono yake, iliyong'aa.

Mama mkwe wake, waliyeishi naye, aliamini kwamba mke wa mwanawe hatoki nyumbani na mikono kama msasa. Kila asubuhi alimsubiri mlangoni na kopo la mafuta ya mgando. Mafuta yana haidrojeni tele, na haidrojeni ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na mashine.

Alhamisi mkuu akaanza, "Ndugu zangu, leo mtauona uchafu..."

"Samahani, bosi. Uchafu ni wangu." Mama Waya akashusha kijibomba kitupu. Kilima kikajitokeza bila aibu.

"Yaani inapima hewa?" akauliza mkaguzi mmoja.

"Inapima mafuta yangu ya mikono. Yalibaki kwenye waya nilipokuwa nasuka."

"Umenivua nguo mbele ya wageni," mkuu akamnong'oneza.

"Pole, bosi. Wenye dawa wangevuliwa bure."

Mkaguzi akauliza, "Na ile ya kiwandani ingeyaona?"

"Jana niliipaka mafuta yaleyale." Akamwonyesha karatasi: mstari ulinyooka, hauna habari.

"Basi hiyo ni kiziwi. Suka nyingine. Ila unawe."

Akanawa, akasuka. Kilima kikatoweka, vilele vikabaki, koili ikabaki.

Jioni alimsimulia mama mkwe.

"Mashine kubwa hivyo imeyaona mafuta yangu?"

"Imeyaona, mama."

"Yana kasoro?"

"Hayana."

Kabla ya chakula majirani wote walikwisha kujua kwamba mafuta yake yamepita maabara. Asubuhi alikuwa mlangoni na kopo lake, kama kawaida, ila sasa alimpaka mkwewe kuanzia kiwiko kwenda juu.