Wavu Chini ya Shanga

Nilitoka Kitale juu ya lori la mahindi. Njiani tulisubiri maji ya lagga, mto wa msimu, yapungue, na nilipofika Lodwar kuanza kazi nilikuwa matope matupu. Mkuu wa maabara, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa kitambaa nijifute, akanikalisha mbele ya hadubini.

“Unaona nini?”

“Seli nyeupe, madam. Askari wa mwili.”

“Hao kila mtu anawaona. Tafuta barabara wanayopitia.”

Barabara hiyo ni wavu wa seli za kuhimili ndani ya tezi za kinga. Nyuzi zake tulizipaka madini ya fedha zikageuka nyeusi. Vijana mnaojifunza kazi hii, msizidharau seli hizo. Ndizo huwaita askari, huwapa njia, huwalisha wasife. Ugonjwa ukiingia, askari huzigusa, nazo hulegeza mshiko ili tezi itanuke. Ndio mtoki huo mnaoupapasa. Wavu ukivutika tu, mwili unapigana. Ukiraruka, tulihofia saratani.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma, kumsaidia daktari wa upasuaji kuchukua vipande vya tezi. Akaja Akiru, mama aliyekonda, shingo imevimba. Daktari alimwambia avue shanga, nazo zilimjaa mpaka kidevuni.

“Hii haitoki,” alisema Akiru. “Mzee yangu ako na ng'ombe huko Nadapal. Nikitoa, watu watasema nimefiwa.”

“Mama, utakufa wewe.”

“Basi nikufe, yeye akiwa hai.”

Akainuka. Nikasimama mlangoni. Wavu ule hauko shingoni peke yake.

“Mama, ngoja kidogo. Inua mkono.”

Kwapani palikuwa na tezi nyingine, ngumu kama kokwa la mkoma.

“Wewe umeamua huyu haendi,” daktari aliniambia, akachukua kisu. Alikata hapo, shanga zikabaki.

Kipande nilikipeleka Lodwar mwenyewe, nikakikata vipande vyembamba, nikavipaka. Mkuu aliinama juu ya hadubini.

“Wavu haujararuka,” alisema mwishowe. “Lakini ona vinundu hivi. Kifua kikuu cha tezi. Mwambie daktari aanze dawa.”

Miguu yangu haijui kutulia; niliacha kazi nikiwa bado na nguvu. Siku ya kuondoka, nikingoja basi Kakuma, Akiru alikuja amenenepa, na mwanamume mwenye fimbo nyuma yake.

“Ejok,” alinisalimu. Akanishika kidole, akakipitisha chini ya shanga. Shingo ilikuwa laini.

“We fundi,” mwanamume aliuliza, “unapapasa bibi yangu na mimi bado niko hai?”