Bomba la Wodini

Mpimaji wa maabara hufunga bomba kwa kiwiko, na daktari wa wodi humtania: “Dada, vidole vimekwenda likizo?” Kila asubuhi mpimaji huinua kisahani cha kuoteshea vijidudu dirishani. Leo vijidudu vya tumboni vya wagonjwa watatu wa kuhara vimeota hadi kugusa vikaratasi vyote vyenye dawa ya kuviua. “Sikio la kufa halisikii dawa,” akaviambia, “nyinyi hamsikii wala hamfi! Mnapitia wapi kutoka mgonjwa hadi mgonjwa?” Akaenda wodini. Daktari alifungua bomba kwa vidole, akanawa kwa sabuni, akalifunga kwa vidole hivyohivyo. Mpimaji akapangusa kishikio cha bomba kwa pamba, akaipaka kwenye kisahani kipya. Kesho yake akamwonyesha: vijidudu vilevile.

“Lakini mimi hunawa!”

“Unanawa vizuri, kaka. Halafu unarudi kuvichukua.”